Kaburi la Cheyamani

Nilikuwa napiga plasta nyumba ya mke wa askari mmoja, karibu na kambi ya jeshi ya Makenke hapa Mbarara, simu ilipolia. Alikuwa jirani yetu wa zamani kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Alisema Cheyamani amefariki na ameshazikwa, watu wamechanga, wanataka kumjengea kaburi la saruji, na fundi waliyemchagua ni mimi. Niliposhuka jukwaani kuaga, mwenye nyumba alishika kiuno: "Fundi, wapi unaenda? Nyumba yangu bado, wewe nakimbia?" Nikamwambia nimefiwa. Cheyamani hakuwa ndugu yangu wa damu, lakini sikuona kama nimedanganya.

Saruji niliinunua Rwekubo, nikaifunga kwenye pikipiki ya bodaboda, nikakaa nyuma yake huku vumbi likinijaa mdomoni. Zamani njia ile niliifurahia. Siku hiyo mgongo uliniuma tu, nikatamani nifike, nimalize, nirudi zangu Biharwe ninakopanga, nikalale.

Wewe hukukulia pale, ndugu yangu, acha nikueleze. Cheyamani ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, sisi tuliokimbia kutoka Kivu ya Kusini. Ng'ombe wa wenyeji wakiingia kwenye maharage yetu, yeye ndiye aliyekwenda kuzungumza na mwenye ng'ombe. Mama mjamzito akishikwa na uchungu, yeye ndiye aliyehangaika kutafuta gari. Mkewe alikuwa akimtania kwamba ameolewa na kijiji kizima, na chakula chake kilipoa karibu kila siku.

Jumapili ndiyo siku ninayoikumbuka zaidi. Bibi, aliyenilea, alitwanga sombe, majani ya muhogo, mapema, na harufu ya mawese ilitufuata mpaka kanisani. Baada ya ibada watu walimzunguka Cheyamani na kumwuliza swali lile lile: tunarudi lini nyumbani? Naye alijibu vile vile, "Tulime kwanza huu musimu, tuvune, kisha tutaona." Mimi mtoto niliamini kwamba kurudi nyumbani ni kitu kinachokuja baada ya kuvuna mahindi. Kila tulipovuna nilisubiri kuona watu wakifunga mizigo, na kila mara niliona wakichagua mbegu.

Kwa sababu hiyo hatukuyajengea makaburi yetu. Babu alipofariki, bibi alitaka amwekee mumewe saruji kidogo, hata kichwani tu. Cheyamani alimkatalia kwa upole. "Ukimufungia na simenti, siku tutarudia utamutoa namna gani? Muache mu udongo. Tutamubeba." Bibi alilia, kisha akakubali, na kuanzia hapo hakuna aliyethubutu. Kumwagia kaburi saruji ilikuwa kama kutangaza kwamba umeamua kubaki.

Basi kila kiangazi kilipokaribia kwisha, Cheyamani alituita watoto kwa wakubwa, tukaenda makaburini na majembe. Tulipalilia, tukarundika upya udongo uliodidimia, naye akituambia huyu ni nani na alitoka kijiji gani. Tulichoka na kulalamika, maana tulitaka kucheza mpira. Baadaye wanawake walitugawia mihogo ya kuchemsha na chai yenye tangawizi, nasi tukasahau malalamiko yetu.

Nilipofika safari hii, sikulijua eneo lile. Cheyamani aliugua muda mrefu kabla ya kufa, na alipolala kitandani hakuna aliyeshika jembe. Wenzangu wengi wamepelekwa nchi za mbali, wengine tuko mjini tunahangaika na kodi ya nyumba. Mvua zimesawazisha kila kitu. Nilitafuta kaburi la bibi, ambaye naye alizikwa pale baada ya babu. Nilizunguka nikisukuma majani kwa mguu, nikasimama mahali nilipodhani ndipo, kisha nikaona pengine ni pale pembeni. Sikumpata. Nililia kama mtoto, na sina aibu kukuambia.

Tuta la Cheyamani lilikuwa bado bichi. Wazee walikuwa wanabishana mbele yake. Mmoja alisema tusipomjengea, mvua chache tu na yeye atapotea. Mwingine akasema mtu aliyetukataza saruji maisha yake yote hawezi kufungwa na saruji, aliahidiwa kubebwa kama wengine. Wote walisema kweli. Mwishowe wakamgeukia mjane wake, aliyekuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, akiitazama mifuko yangu.

"Nani atamubeba?" alimwuliza mzee aliyepinga. "Wewe? Magoti yako inaweza?" Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, mutoto yangu, changanya simenti. Nilishachoka kungojea."

Nikachukua kamba na vigingi nianze kupima. Nilikuwa nimeshasimika kigingi cha tatu aliponizuia kwa mkono.

"Upime ya batu babili," alisema, akiugusa udongo pembeni ya mumewe. "Uniachie fasi yangu."

Mzee yule aliyepinga aliinuka polepole akaenda kuteka maji. Leo ukipita pale utakuta watoto waliozaliwa hapo hapo Nakivale wanakaa juu ya saruji ile wakila miwa, na ukiwauliza nyumbani ni wapi, wanakunyooshea kidole nyumba za mama zao. Sijui kama nifurahi. Siku ile nilichomoa vigingi vyangu, nikasogea upande wa kulia, nikaanza kupima upya.