Mitamba Wawili wa Songwa

Harufu ya samadi mbichi iliyochanganyika na vumbi la pamba hunirudisha Kishapu, mwaka ule redio iliposema kuwa mwanasayansi wa Ulaya na wenzake wamepata kondoo bila dume: walichukua chembe ya mwili wa kondoo mzima, wakamtoa mwingine anayefanana naye kabisa. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alizima redio, akasema betri zinaliwa na uongo. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kumwingia.

Wiki ileile wakwe watarajiwa wa dada yangu Kabula walileta ng'ombe wa mahari kutoka Songwa. Miongoni mwao walikuwamo mitamba wawili wekundu, kila mmoja na baka jeupe usoni, mahali palepale. Baba aliwazunguka mara tatu, akawapapasa masikio, akawanusa.

"Baba yao yuko wapi?"

Mzee Shija, baba wa bwana harusi, alicheka. "Dume tulimuuza mnadani, mwenzangu. Hawa ni pacha."

"Pacha, au wameundwa? Usione vyaelea."

Kicheko kilikatika. Wageni waliswaga ng'ombe wote kurudi kwao bila hata kunawa mikono. Jikoni, Kabula aliendelea kusonga ugali usio na mlaji.

Mama alimwita bwana mifugo. Akatueleza kwa upole kwamba pacha wa namna ile huzaliwa hata kwa binadamu, na kwamba mwanasayansi yule alikuwa akitafuta wanyama ambao maziwa yao yangetoa dawa. Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Na wewe, nani amekutuma?" Mwenye shaka hata maji huyatafuna.

Kabla ya mavuno ya pamba, kijana wa Songwa alioa kwingine. Baadaye tukasikia mitamba wote wawili wamezaa. Kabula alikwenda kwa shangazi, kijijini Nkome kando ya ziwa, akaanza kuanika dagaa, na huko amebaki, hajaolewa hadi leo.

Leo mimi ndiye ninayepandisha ng'ombe mbegu kwa mrija, bila dume, vijijini, na wafugaji wananipigia simu kuniharakisha. Niliposikia mwanasayansi yule amefariki, na kwamba ujuzi wake umewafungulia wengine njia ya kutafuta tiba za binadamu, nilimpigia dada.

"Aliacha watoto?" akauliza.

"Sijui, dada."

Akasema wingu limefunga na dagaa wake wako nje, akakata simu.