Kompyuta ya Misiba

Kompyuta ya chama cha kufa na kuzikana pale Tinde huwashwa mtu akifa tu. Katibu, Asteria, ambaye wote humwita Mama Violeth, huandika wasifu wa marehemu, huuchapa, ukasomwe kaburini. Hana kazi nyingine nayo.

Siku ya kumzika mzee Bujiku, mashine iliyolala miezi minne iliamka na masasisho yake. Subiri, usizime. Asilimia kumi. Kumi na moja. Jeneza likatoka, na mwenyekiti Donatus akausimulia wasifu kwa kichwa, akamsahau Kudra, binti wa mke mdogo. Hebu fikiri, unamzika baba yako na jina lako halimo! Asteria aliona aibu, kisha akaona hasira.

Akaenda kwa Theonest, fundi kompyuta wa stendi, ambadilishie mfumo wa mashine. "Nataka Linux."

"Shikamoo, Mama Violeth. Hiyo ya bure haina mwenyewe. Ikikorofisha utamlilia nani?"

"Marahaba. Na hii yenye mwenyewe, siku ya Bujiku nilimlilia nani?"

Theonest akamwonyesha Linux ya kwanza, yenye madoido na toleo jipya kila mara. Asteria akaikataa, yeye hakuwa na harusi. Ya pili, Debian, ilikuwa na sura ya kawaida, haibadiliki ovyo, na Theonest aliipanga isijisasishe mpaka iruhusiwe. Akaichukua hiyo. Akajaribu printa, ikachapa. Kisha akaizima kompyuta, akaifunika khanga na kukataza mtu kuigusa, eti anaijaribu.

"Unaijaribuje bila kuiwasha?" Donatus alimcheka kikaoni. "Vya bure hivyo vitatuumbua."

"Kazi yake kubwa ni kulala, mwenyekiti. Naijaribu kulala. Ikituumbua, ukatibu huo chukua."

Ikalala miezi mitano. Ndipo mke mdogo wa Bujiku, mama yake Kudra, akafariki.

Asubuhi ya mazishi Asteria aliondoa khanga, akabonyeza. Donatus alisimama mlangoni, maneno yake tayari mdomoni. Kioo kikawaka, ukurasa ukafunguka, hakuna kilichomwambia asubiri. Akaandika, akachapa, wala hakumtazama mwenyekiti.

Kaburini Donatus akanyoosha mkono apewe karatasi. Asteria akampita, akamkabidhi Kudra.

"Soma mwenyewe, mayu, mama yangu."

Kudra akasoma taratibu hadi mwisho: "Marehemu ameacha mtoto mmoja, Kudra Bujiku." Akairudia sentensi hiyo, kwa sauti zaidi, akimtazama Donatus.