Kibuyu Nilichokigeuza Kichwa cha Shangazi

Aibu hii ningeinyamazia mpaka kaburini, ila watu wa kijijini kwetu Izigo wanaisimulia vibaya kuliko mimi, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe.

Shangazi Koku, aliyenilea, alianza kutoona vitu vya pembeni, leo anamparamia mbuzi aliyefungwa, kesho pikipiki inamkosakosa, nikampeleka hospitali Bukoba. Picha ikaonyesha uvimbe chini ya ubongo, unakandamiza mishipa ya macho, na usipotolewa atapofuka. Daktari akasema Mwanza watautoa kupitia puani, kwa kamera nyembamba. Mimi (shule niliiacha la sita, kuuliza sijaacha) nikamganda mpaka akanichorea: mwisho wa pua kuna mfupa mwembamba kama ganda la yai, nyuma yake uvimbe, juu mishipa ya macho, kulia na kushoto mishipa mikubwa ya damu.

"Mkitoboa hiyo ya damu?"

"Ndiyo maana hatukurupuki," akajibu.

Nilirudi na mchoro mfukoni.

Jumapili ndugu wakaja kumuaga shangazi, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kikawa kinazunguka na mrija wake, na Ta Rweye, kaka yake, akanichokoza: "Wewe msomi wa la sita, puani mtu anafikaje kwenye ubongo?"

Ningesema sijui. Badala yake nikakipakata kibuyu. "Hii shingo ndiyo pua. Huu mrija ndio kamera. Inapita katikati, polepole, inakuta mfupa…" Nikasukuma kidogo waone. Sasa kibuyu kile ni cha marehemu babu, kina ufa uliozibwa kwa nta, na mrija ukaenda palepale. Nta ikafyatuka, rubisi ikaruka yote kwenye gauni la shangazi.

Shangazi akajitazama mapajani.

"Hiyo ndiyo damu?"

Nikavuta kanga nimfute, akanisukuma mkono.

"Siendi. Heri nipofuke nikiwa hai."

Siku nne nilimwona akipapasa ukuta kutafuta mlango, na kila akijikwaa moyo wangu unaanguka naye, maana akipofuka nimempofusha mimi. Nikampigia magoti twende tu kwa daktari wa Bukoba akamwulize mwenyewe. Akakubali kwa sharti moja: "Hiyo kamera ikuingie wewe kwanza, nione."

Daktari akacheka, akakubali kunichungulia. Nikakaa kitini, mlango wazi, ndugu wamejazana. Aliponigusa pua nikaiona ile mishipa ya mchoro, kulia na kushoto, nikapiga yowe, nikamkumbatia mkono, nikaporomoka na kiti.

"Mwanangu," daktari akasema, "hiyo ni pamba ya ganzi. Kamera bado iko mezani."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Toka hapo, mwoga wewe." Akakaa yeye, akatulia tuli, na juma lililofuata akapanda meli ya Mwanza.

Siku hizi anaona pembeni vizuri mno. Ndugu wakikutana nikinyoosha tu mkono kwenye kibuyu kipya, kabla sijakigusa, shangazi ananiambia bila hata kugeuza shingo: "Kunywa, usifundishe."

Nanywa. Sifundishi tena.