Kibii na Benchi Yake

Kibii ni fundi wa nguo pale mtaa wa Kaptembwo, na kwa suruali za shule hana mpinzani. Shida yake ilikuwa mdomo. Nje ya duka aliweka benchi, na kila aliyepita aliitwa aketi. Siasa, mvua, harusi za watu, yote yalijadiliwa hapo. Mzazi akija kuulizia sweta, anakuta wanaume wameziba mlango, anaenda zake kwa fundi mwingine.

Serikali ilipoleta mpango wa kuwapa wenye biashara ndogo ushauri wa bure, mkewe, Jepkemei, ndiye aliyemwandikisha.

"Mimi nifundishwe kushona?" Kibii akauliza.

"Kushona unajua. Wakufundishe kunyamaza."

Mshauri alikuja mwenyewe mpaka dukani, dada mpole aitwaye Wamuyu. Kibii akamketisha kwenye benchi, akaanza kumsimulia alivyopata cherehani yake ya kwanza. Wamuyu alivumilia mpaka msimulizi alipomeza mate, ndipo akapenya.

"Mzee, tangu tukae hapa kuna wateja wamechungulia wakaenda. Umewaona?"

Kibii hakuwa ameona mtu.

"Basi ondoa hii benchi."

Alinuna, lakini kesho yake akaibeba. Na kweli, watu wakaanza kuingia. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, sare zikaagizwa kwa wingi. Jepkemei alikuwa akiimba akikunja mashati. Kibii naye alikuwa kama mgonjwa. Mama mmoja alikuja kununua kifungo tu, akaulizwa habari za ukoo wake wote mpaka akakimbia bila kifungo.

Wamuyu aliporudi kuona maendeleo, alimkuta Jepkemei peke yake akipima watoto.

"Mzee yuko wapi?"

Jepkemei akaonyesha ng'ambo ya barabara. Benchi ilikuwa kwa kinyozi. Kibii alikuwa katikati yake, futi ya kupimia shingoni, mikono hewani, watu wakicheka.

"Madam," akasema alipoitwa, "uliniambia niiondoe. Si nimeiondoa?"

Wamuyu alijaribu kukasirika, akashindwa. Aliangalia duka tena, akaona dirisha la pembeni lililozibwa na marobota ya vitambaa. Akashauri marobota yahamishwe, cherehani iwekwe pale, na marafiki wasimame nje ya dirisha. Jepkemei akaachiwa mlango na wateja.

Hapo ndipo Kibii alipojijua. Miguu yake ilikanyaga cherehani kwa kasi ya hadithi: ikinoga, suruali inaisha. Siku ambayo marafiki hawakuja, kazi ililala, hadi Jepkemei mwenyewe akatoka kuwatafuta.

Mwezi uliopita Wamuyu alishonesha sketi hapo. Alipokwenda kuichukua alisimama dirishani kidogo tu, asikilize kisa cha harusi moja. Simu ikaita. Alikuwa mfanyabiashara wa mtaa wa Lanet aliyesubiri ushauri wake, akimuuliza kama bado anakuja.

"Niko njiani," Wamuyu akasema, akamgeukia Kibii. "Halafu huyo bwana harusi akafanya nini?"