Mvua Imechelewa, Ofisi Inabishana

Juzi, katika ofisi ya kilimo hapa Sumbawanga, mama mmoja wa makamo alileta swali moja tu: avunje na kusambaza matuta alimofukia majani yaoze kuwa mbolea, apande mahindi, au aendelee kusubiri mvua?

Mabwana shamba wawili, wasio na kazi nyingi tangu ugawaji wa mbolea uhamie kwa wafanyabiashara, wakalidaka.

"Ni hewa ukaa, mama. Moshi wa viwanda unaipasha dunia joto."

"Acha hizo. Ukame ulikuwepo kabla ya viwanda. Ni jua na bahari."

"Vibadilike kwa kasi hii?"

"Wewe semina imekuharibu."

Nami, mteja mwenzake pale benchini, nimesoma kidogo, nikamuunga mkono yule wa hewa ukaa. Saa ya kufunga ikafika, matuta hayajapata jibu. Nikampa mama pole.

Akajifunga khanga vizuri, akabaki kwenye benchi. "Nitasambaza kesho, mwanangu, kusubiri peke yangu nimechoka. Leo waache wabishane. Tangu mzee afariki na watoto wahamie Tunduma, nyumbani hata wa kunipinga sina."

Bwana shamba mwenye funguo za ofisi akazirudisha mfukoni, akavuta kiti, ubishi ukaendelea. Nadhani ndiyo huduma pekee ya serikali ambayo bado hatujaambiwa tuichangie.