Midomo ya Mzee wa Papua

Wakati wa korona nilikuwa nikipakua makontena karibu na bandari ya Port Botany, ughaibuni, pamoja na mzee mmoja wa Papua. Mipaka ilikuwa imefungwa, kwa hiyo saa ya chakula alijirekodi kwenye simu ili awatumie wajukuu wake maneno ya lugha yao. Mengine aliyatamka kwa kutetemesha midomo.

Siku moja nikamuuliza mbele ya watu, "Mzee mwenzangu, hiyo ni lugha au ni lori linalokataa kuwaka?" Wakacheka. Dada mmoja tuliyefanya naye kazi, wa lugha hiyohiyo lakini wa kijiji cha ng'ambo ya mlima huko kwao, akasema kwao hawatetemeshi. Nikahukumu, "Basi fuata ya dada, yako imeharibika." Mimi, niliyeishia darasa la tatu, na Watanzania hunicheka Kiswahili changu cha Bukavu.

Kesho yake alirekodi midomo imetulia. Mimi si mtu wa kuomba radhi, lakini nilimwomba, nikamsihi arudishe ile sauti.

"Hapana, bwana," akanijibu kwa upole. "Sitaki wajukuu wangu wachekwe."

Sina la kujitetea. Watoto wale walitumiwa matamshi ya kijiji kingine, na aliyewanyima ya babu yao ni mimi.