Programu Iliyodhani Bado Nimeshika

Mimi si mwoga. Lakini ile mashine ya kukatia ngozi za viatu niliiogopa tangu siku mdogo wangu wa kiume alipoiunganisha na kompyuta, hapo kwenye karakana yetu Njiru.

"Sista, kisu hakishuki mpaka ushike vitufe viwili kwa pamoja," alijitapa. "Kimoja mwisho huu wa kibodi, kingine mwisho ule. Mikono yote iko kazini, utakatwa wapi?"

Nikamwamini. Mtoto nimemlea mwenyewe, nisimwamini?

Asubuhi moja nimeshika vitufe, kisu kinashuka polepole, ujumbe ukachomoza kwenye skrini ukaifunika programu yake. Sikuujali. Niliona ngozi imejikunja, nikaachia vitufe, nikaingiza mkono niinyooshe.

Kisu hakikusimama.

Woi! Navuta mkono, sweta imenasa. Nilipiga nduru hadi muuza maji jirani akatupa mtungi. Mdogo wangu aling'oa waya ukutani. Kisu kilikuwa kimeshanigusa ukucha.

Nilimtusi, nikalia, nikamtusi tena. Alikaa kwenye kompyuta mpaka mchana, kisha akanieleza: ule ujumbe ulipokuja mbele, ndio uliopata habari kwamba nimeachia. Programu yake haikuambiwa kitu, ikadhani bado nimeshika. Sasa ameirekebisha: ikifunikwa tu, itasahau vitufe vyote na kusimamisha kisu.

"Na umejuaje itasimama?"

Akaweka mkono wake wa kulia chini ya kisu, wa kushoto una simu. "Shika vitufe. Nitatuma ujumbe kwenye kompyuta, uifunike programu."

"Toa huo mkono, una wazimu?"

"Kama siwezi kuuweka wangu, wako usirudi hapa tena. Shika, sista."

Aki ya Mungu, sijawahi kuogopa hivyo. Wangu ningevumilia. Huu ndio mkono niliofundisha kushika kalamu.

Nikashika. Kisu kikaanza kushuka. Yeye amefumba macho, kidole gumba kinahangaika kwenye simu. Ujumbe ukatokea. Kisu kikasimama, juu kidogo tu ya vidole vyake.

"Umeona?" akasema, akifumbua macho. "Sasa achia."

"Siwezi."

"Achia tu, sista. Imeshasahau."

Sikuweza. Ilibidi atoe mkono wake kwanza, ndipo aje anibandue vidole kwenye kibodi, kimoja kimoja.